Mti Juu ya Ngozi ya Ndama

Tangu turudi kutoka Uingereza wengi wenu mmetuuliza tuliyoyaona huko. Habari za makanisa makubwa na za treni zipitazo chini ya ardhi zimekwisha kuandikwa na wengine wenye maarifa kupita sisi. Kwa hiyo twataka kuwaeleza habari moja tu, nayo ni ya kitabu, na ya ngozi iliyotiwa rangi hata ikafanana na ubao wa mti. Jambo lenyewe ni dogo, walakini lilitutia katika mashaka, na hayo tuliyojifunza yaweza kumfaa kila mwenye kutunza vitabu nyumbani mwake.

Katika nyumba yetu karibu na Muheza kiko kitabu cha historia ya Uingereza, kimeandikwa kwa Kiingereza. Mzungu mmoja alipewa kitabu hicho mwaka 1889, alipokuwa mtoto wa shule kwao, kwa sababu aliwashinda wenzake katika hesabu. Alipokuja nchi yetu kufundisha alikuja nacho, na alipozeeka akampa mwalimu Mwafrika aliyekuwa msaidizi wake. Mwalimu huyo naye alimpa mwanafunzi wake aliyeshika kazi baada yake, na hivyo kikapita mkono kwa mkono hata kikamfikia marehemu baba yetu. Kila mmoja aliandika jina lake na mwaka juu ya karatasi iliyobandikwa ndani ya jalada. Majina ni manne, na la mwisho ni la baba.

Jalada la kitabu hiki ni la ngozi. Katikati pana nembo ya shule kwa dhahabu, na chini ya nembo hiyo ngozi yote ina mchoro wa mti: shina limesimama katikati, na matawi membamba yamefunguka kulia na kushoto, meusi na ya kahawia, kama mistari ya ubao uliopasuliwa na kupigwa randa. Tulipokuwa watoto tuliamini kwamba ni ubao kweli. Tulikuwa tukigonga kwa kidole na kusikiliza, mpaka baba akatukemea.

Sasa kitabu kilikuwa kimechakaa. Jalada la mbele limekatika pale linapokunjika, likishikwa na uzi mmoja tu, na kila mtu aliyekigusa alibaki na vumbi jekundu mikononi. Tuliposema kwamba tumealikwa Uingereza na Wakristo wa mtaa mmoja kwa muda wa majuma sita, ndugu walikutana, wakachanga shilingi laki tano, na baba mkubwa akatukabidhi kitabu kimefungwa katika kanga. Akasema, "Mwalimu, huko ndiko kilikotengenezwa. Wakitengeneze upya. Kirudi kinang'aa kama siku ile kilipotoka dukani."

MTAA WA WATENGENEZAJI WA NGOZI

Wenyeji wetu walitushauri kwamba, kabla ya kumwona mjalidi, yaani mtu afungaye vitabu, twende kwanza Bermondsey, ili tuelewe ngozi ilikotoka. Bermondsey ni mtaa wa London, kusini ya mto Thames, karibu na daraja liitwalo Tower Bridge, lililofunguliwa mwaka 1894. Tulishuka katika stesheni ya London Bridge, tukaenda kwa miguu, na mara tukaanza kusoma historia ya mtaa juu ya vibao vya njia: njia moja yaitwa Tanner Street, yaani njia ya mtengeneza ngozi, ya pili Leathermarket Street, yaani njia ya soko la ngozi, na ya tatu Morocco Street, kwa jina la nchi ya Moroko, iliyosifiwa kwa ngozi nzuri za mbuzi.

Hapo zamani kazi ya mtaa huu ilikuwa ngozi. Sababu zake zaeleweka kwa urahisi. Maji ya mto na vijito yalikuwa karibu. Ng'ombe walichinjwa kwa wingi kwa ajili ya chakula cha watu wa London. Na magome ya miti iitwayo mwaloni yalipatikana katika misitu ya kusini. Magome hayo yalisagwa na kutiwa majini katika mashimo, na ngozi zikalazwa humo muda mrefu, nyingine kupita mwaka mzima. Ndani ya magome mna kitu kiitwacho tanini, nayo ndiyo inayoifanya ngozi isioze wala isiwe ngumu kama ya ngoma. Uvundo wake haukuwa mdogo, kwa maana walitumia hata mavi ya mbwa kulainisha ngozi, na palikuwa na watu waliopata riziki yao kwa kuyaokota njiani.

Soko la ngozi lilifunguliwa mwaka 1833, na kando yake ikajengwa mwaka 1878 nyumba kubwa ya wafanya biashara wa ngozi na sufu. Nyumba zote mbili zingali zimesimama. Juu ya ukuta wa hiyo ya pili zimechongwa sanamu za mviringo zionyeshazo watu wakifanya kazi za ngozi. Tulisimama chini yake tukazitazama sana, kwa sababu siku hizi hapana kazi nyingine ya namna hiyo ya kutazama. Mashimo yamefukiwa, uvundo umekwisha, na katika vyumba vya soko wamo watu wa ofisi na mafundi wa kazi nyingine. Njia zimebaki na majina ya watu walioondoka.

Wala msidhani kwamba jambo hili ni geni kwetu. Magome ya mikoko ya Rufiji na ya Lamu yalichukuliwa kwa meli kwenda ng'ambo kwa kazi iyo hiyo ya ngozi. Na katika nchi ya Njombe, ilipoanzishwa kampuni ya miwati mwaka 1949, mashamba yalipandwa kwa ajili ya magome yake, ili kupata tanini. Basi tulipokuwa tukitembea Bermondsey tulijua kwamba dawa ya kazi ile imeota katika nchi yetu pia.

KAZI YA MJALIDI

Mjalidi tuliyepelekwa kwake alikuwa mzee mwenye karakana ndogo, katika chumba kimoja chenye madirisha makubwa. Alikipokea kitabu kwa mikono miwili, akakiweka juu ya kitambaa, akakitazama kwa kioo cha kukuza. Akatuambia kwamba ngozi hii ni ya ndama, na kwamba namna hii ya kuipamba Waingereza huiita ndama wa mti. Ilianza kupendwa katika robo ya mwisho ya karne ya 18, ikaendelea kupendwa hata baada ya mwaka 1900, na shule nyingi zilivika vitabu vya zawadi kwa ngozi ya namna hii, kwa sababu ilionekana ya heshima na tena hapakuwa na vitabu viwili vyenye mti mmoja.

Tuliuliza, "Ni mchoraji gani aliyeuchora?" Mzee akacheka, akasema, "Hakuna aliyeuchora. Ni maji." Alipoona hatukuelewa, akaahidi kutuonyesha kesho yake.

Asubuhi tulipofika alikuwa ameandaa kitabu kisichoandikwa kitu, kimekwisha kuvikwa ngozi changa ya ndama, nyororo, ya rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Alikuwa ameipaka uji mwembamba wa unga wa ngano, ikakauka, ili maji yasizame ndani kwa haraka. Vifuniko viwili alivipinda kidogo kwa urefu, vikawa na bonde katikati kama mtumbwi usio na kina. Kisha alikitundika kitabu kati ya fito mbili, kurasa zikaning'inia chini katikati ya fito, na vifuniko vikalala juu yake kama mabawa ya ndege aliyekunjua. Upande mmoja wa fito ulikuwa chini kidogo kuliko wa pili.

Akachukua burashi, akanyunyiza maji safi mengi juu ya vifuniko. Maji yalikimbilia bondeni kutoka pande zote mbili, yakakutana katikati, yakateremka mpaka mwisho wa jalada na kudondoka. Yalipokuwa yangali yanakimbia, alinyunyiza maji ya pili, yaliyoyeyushwa chumvi ya chuma, na mara baada yake maji ya tatu, ya chumvi itokanayo na majivu. Hapo tukaona ajabu. Palipopita maji ya chuma ngozi iligeuka nyeusi, na palipopita maji ya majivu ikawa ya kahawia. Kila kijito chembamba kikaacha mstari wake, na vijito vyote vikaingia katika mstari mmoja mkubwa wa katikati. Mbele ya macho yetu mti ukamea.

Kwa kweli ule si mti, bali ni mto. Wasomaji wa upande wetu wamekwisha kuona jinsi vijito vya milima ya Usambara vishukavyo na kukutana vikawa mto Zigi. Basi mtu akiuchukua mto huo pamoja na vijito vyake vyote na kuusimamisha, ataona shina na matawi.

Walakini mti ule wa kwanza uliharibika. Mzee alikuwa akitueleza, akachelewa kidogo, na upande wa kushoto maji yakawa yamekwisha kupungua. Matawi yakakatika, pakabaki doa jeusi kama wino uliomwagika. Hakukasirika. Akasema kwamba kazi hii haingoji maneno, akavika kitabu kingine, akatuomba tunyamaze. Siku ya tatu tuliona mti wa pili, nao ulikuwa mzuri sana.

Twafikiri wengi mtauliza kwa nini chuma kiigeuze ngozi kuwa nyeusi. Mama zetu wanalijua jambo hili bila kusoma kitabu. Mwanamke akimenya ndizi mbichi kwa kisu cha chuma cha zamani, utomvu na kisu na vidole huwa vyeusi. Katika ndizi mbichi mna tanini, na katika kisu mna chuma. Vikikutana huzaa weusi. Ngozi nayo imelala katika maji ya magome na kunywa tanini nyingi, hivyo ikikutana na chumvi ya chuma yawa nyeusi vilevile. Wino wa zamani wa Ulaya ulitengenezwa kwa njia iyo hiyo.

KILE KINACHOPAMBA NDICHO KINACHOKULA

Mti ulipotimia, mzee hakukaa kuutazama kama sisi. Alishika sifongo na ndoo, akaosha jalada kwa maji safi, akaosha tena, na mara ya tatu. Tulistaajabu, tukamwuliza kama hakuogopa kuufuta. Ndipo alipotuita mezani penye kitabu chetu, akatupa kile kioo cha kukuza.

Tuliona kwamba mahali palipokuwa na mistari myeusi ngozi ilikuwa imeshuka, ina vishimo vidogo vidogo kama ubao ulioliwa na bungo. Mahali pasipokuwa na mistari ngozi ilikuwa nzima zaidi. Mzee akatueleza kwamba chumvi ile ya chuma, isipooshwa sawasawa, hubaki ndani ya ngozi, na kwa miaka mingi huzaa asidi iilayo ngozi polepole. Aliyekifunga kitabu chetu yamkini alikuwa na vitabu vingi vya zawadi vya kumaliza kabla ya siku ya shule. Aliosha mara moja, akaona mti unapendeza, akaendelea na kingine. Kosa lake halikuonekana machoni pa mtu yeyote aliyekuwako siku ile.

Wala chuma si adui peke yake. Mwaka 1901 kamati ya wataalamu huko London ilitoa taarifa juu ya ngozi za vitabu zilizokuwa zikigeuka vumbi katika maktaba. Walionyesha kwamba asidi ya kiberiti iliyotumiwa katika kutia rangi ilikuwa ikiiharibu ngozi, na moshi wa taa za gesi pia. Vumbi jekundu tulilokuwa tukilifuta mikononi miaka yote lilikuwa ndiyo ngozi yenyewe ikitoka.

Kisha mzee akatuuliza tulichotaka. Tukampa maneno ya baba mkubwa: kirudi kinang'aa. Akasema, "Naweza. Nitaondoa ngozi yote ya zamani, nitavika ngozi mpya, nitafanya mti mpya na kuuosha vizuri, na nembo nitaipiga tena kwa dhahabu. Fedha zenu zatosha, hazitabaki. Lakini lazima mjue jambo moja." Akafungua jalada, akaweka kidole juu ya majina manne. "Ngozi ya nje imekunjwa na kuingia chini ya karatasi hii. Siwezi kuitoa ngozi bila kuibandua karatasi. Karatasi ni dhaifu, na wino huu unaweza kutawanyika. Labda itatoka salama. Siwezi kuahidi."

Tukamwuliza kama iko njia nyingine. Akasema iko: ataacha ngozi ya zamani juu ya vifuniko, ataiinua kidogo tu penye mgongo, atapitisha ngozi mpya chini yake ili jalada lishikwe, na mgongo wa zamani ataurudisha juu. Ngozi iliyokwisha kudhoofika ataipaka dawa nyembamba iliyoyeyushwa katika spiriti, ili vumbi lipungue. Majina hayataguswa. Gharama yake haifiki nusu ya ile ya kwanza. "Lakini," akasema, "hakitang'aa. Kitakuwa kitabu kizee chenye afya."

Twakiri kwamba hatukumjibu siku ile. Tuliogopa. Fedha hazikuwa zetu, na agizo lilikuwa wazi. Na mtu aliyetumwa na wazee hana ruhusa ya kubadili ujumbe njiani. Tulijaribu kupiga simu nyumbani, lakini baba mkubwa alikuwa shambani, na kijana aliyepokea simu akasema tu, "Wazee wanangoja kitabu kipya." Usiku tulikifungua tena, tukasoma majina yale. Mwandiko wa baba huinama kulia, na herufi ya mwisho ameivuta mkia mrefu, kama alivyokuwa akifanya ubaoni darasani. Picha yake ya ujana hatunayo. Barua zake ziliteketea nyumba ilipoungua. Asubuhi tulikwenda tukamwambia mzee afanye ile njia ya pili, na lawama tutaibeba sisi.

KURUDI NYUMBANI

Tulipofika Muheza ndugu walikuwa wamekusanyika barazani. Tukawaamkia wazee, tukaweka kitabu mbele ya baba mkubwa, akakifungua kutoka katika kanga. Alikigeuza mbele na nyuma. Akasema, "Mwalimu, mbona ni kilekile? Fedha zetu zimekwenda wapi?"

Tulimpa fedha zilizobaki na hati ya malipo, kisha tukawaonyesha kile kitabu kitupu chenye mti mpya, ambacho mzee wa London alitupa bure tuje nacho. Kilipita mkono kwa mkono, na kila mtu akakisifu. Vijana walisema wazi kwamba hicho ndicho walichokitazamia. Shangazi yetu akauliza kwa nini hatukutaka cha namna hiyo. Tukawaeleza habari ya karatasi na ya majina, nao wakanyamaza, lakini tuliona kwamba hawajaridhika.

Baba mkubwa akaomba miwani yake. Akafungua jalada la mbele, nalo likafunguka bila kukatika. Akasoma jina la kwanza, na la pili. Alipofika la tatu akasimama, akasema, "Huyu alinifundisha mimi kusoma. Sikujua kwamba aliandika humu." Alikuwa hajawahi kukifungua kitabu kile, kwa sababu siku zote alikiona juu ya rafu ya mdogo wake, na jalada lilikuwa bovu. Kisha akasoma la nne, polepole, akapitisha kidole chini ya ule mkia mrefu wa herufi ya mwisho. Baada ya kitambo akakifunga, akasema, "Fedha hizi zilizobaki, mpeni seremala afanye sanduku."

Sanduku limekwisha kufanywa, la mti wa mninga, na ndani tumeweka kitambaa cheupe cha pamba. Watoto hupenda kukilaza kitabu juu ya kifuniko chake na kulinganisha mistari ya mninga na mistari ya ngozi, nao hubishana ipi ni mizuri zaidi. Sisi hatuamui.

Kwa ninyi walimu na wenye nyumba mlio na vitabu vya ngozi, mzee yule alituagiza tuwape maneno haya. Msivipake mafuta ya nazi wala mafuta mengine mkidhani mtavilainisha. Ngozi inayotoa vumbi jekundu msiifute kwa kitambaa chenye maji, kwa kuwa itageuka nyeusi na kuwa ngumu. Msiviweke juani wala jikoni penye moshi. Msivibane sana rafuni, wala msivivute kwa kichwa cha mgongo, shikeni katikati. Na jalada likikatika, lifungeni kwa utepe mpana wa pamba mpaka fundi apatikane, wala msitumie gundi ya dukani.

Atakayependa kukiona kitabu chetu na apite nyumbani siku yoyote baada ya saa tisa. Aje na mikono mikavu.